Kulala ndani ya gari katika baridi ya Uskoti

Kama unadhani umeonja baridi kwa sababu umewahi kulala Limuru au Kinangop mwezi wa Julai, basi fika Inverness mwezi wa Desemba. Huu ndio mji mkubwa zaidi katika nyanda za juu za Uskoti ziitwazo Highlands. Jua huchomoza yapata saa tatu asubuhi, likajikokota juu ya vilima kama mgonjwa aliyetoka hospitalini, na ifikapo saa tisa unusu alasiri limekwisha kutua. Usiku wa saa kumi na saba na ushei umeanza. Kaskazini zaidi, katika kijiji cha Altnaharra, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 27.2 chini ya sufuri mnamo Desemba 30, 1995. Katika Uingereza nzima, ni kijiji cha Braemar pekee, huko huko Uskoti, ambacho kimewahi kufikia kiwango hicho.

Hata hivyo watu huenda huko, tena kwa furaha. Kutoka Inverness huanza na kuishia njia ya watalii iliyozinduliwa mwaka wa 2015 kwa jina North Coast 500. Inazunguka pwani yote ya kaskazini kwa takriban kilomita 830, safari fupi kidogo kuliko kutoka Nairobi hadi Mombasa na kurudi. Hoteli ni ghali na viwanja vingi vya kupigia kambi hufungwa majira ya baridi. Ndiyo maana wengi huja na nyumba zao juu ya magurudumu.

Ukiiona nyumba hiyo kwa mara ya kwanza utacheka, kwa maana ni ndugu wa matatu. Ni vani ya kawaida, pengine Ford Transit iliyochoka kubeba mizigo ya maseremala. Mwenyewe ameng'oa vilivyokuwamo, akatandika sakafu ya mbao, akajaza sufu ya kondoo katikati ya bati na mbao za ukutani, kisha akapiga kitanda, kabati na meko ya gesi. Mchana utaipenda. Usiku ndipo utakapojua kama aliyeiunda alikuwa fundi au mbabaishaji.

BATI HALIPUMUI

Watu wawili wakilala ndani ya vani iliyofungwa kabisa, pumzi yao hugeuka maji. Mvuke hugusa kioo na bati lililo baridi, nao hutiririka kama jasho. Kufikia alfajiri blanketi limelowa, na baada ya majuma machache kuvu imeota nyuma ya kabati. Wengine hujaribu kujipasha kwa kuwasha meko ya gesi. Hapo huongeza balaa, kwa sababu kila kilo moja ya gesi ya kupikia inapoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, na yote hubaki humo humo ndani. Isitoshe, moto huo unakula hewa ile ile unayoivuta wewe.

Hatari kubwa kuliko unyevu ni gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu huanza kuumwa kichwa, kuhisi kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Aliyekuwa amelala tayari huenda asipate hata nafasi ya kuumwa kichwa. Sisi Wakenya hatuhitaji kwenda Uskoti kulijifunza hilo. Msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti, magazeti yetu huleta habari za jamaa waliowasha jiko la makaa ndani ya chumba, wakafunga dirisha, na wasiamke.

Labda utauliza: mbona babu zetu walilala na moto wa mafiga matatu nyumbani na hawakufa? Jibu lipo hata huko Uskoti. Katika kisiwa cha Lewis, kijijini Arnol, imehifadhiwa nyumba ya kale ambamo watu waliishi hadi miaka ya 1960. Moto wa mboji uliwaka katikati ya sakafu na hapakuwa na dohani. Moshi ulijipenyezea kwenye paa la nyasi, sawa na moshi wa jikoni kwa nyanya yako. Ulikera macho na kuumiza mapafu, lakini nyasi zilipumua. Bati la vani halipumui, wala chumba cha kupanga chenye saruji na vioo hakipumui. Tulihama kutoka paa la nyasi tukabeba na moto wetu, tukasahau kubeba yale matundu.

MOTO NJE, JOTO NDANI

Hapa ndipo inapoingia hita ya dizeli. Ni kijisanduku kinachoweza kuingia chini ya kiti cha abiria wa mbele. Kampuni mbili za Ujerumani, Webasto na Eberspächer, ndizo zilizovuma kwa kazi hii, na siku hizi kuna za Kichina ambazo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya zile za Kijerumani.

Siri yake ni kwamba ina njia mbili za hewa zisizokutana. Njia ya kwanza huvuta hewa kutoka chini ya gari, huichoma pamoja na matone ya dizeli ndani ya chungu kilichofungwa, kisha huutoa moshi nje kupitia bomba la chuma. Njia ya pili huvuta hewa ya ndani ya gari, huipitisha juu ya gamba la alumini lililopashwa moto na chungu kile, kisha huirudisha ndani ikiwa ya moto na kavu. Pumzi yako na moto vimetenganishwa na ukuta wa chuma. Hita ya kilowati 2 hutumia kama desilita moja ya dizeli kwa saa ikiwa na moto mdogo, na desilita mbili na nusu hivi ikiwa na moto mkali. Usiku mzima wa moto mdogo ni lita moja au moja na nusu.

CHINI YA GARI

Ukialikwa kumsaidia rafiki kufunga hita yake, anza kwa kulala chali chini ya gari, kabla ya kushika drili. Tazama tangi liko wapi, nyaya zinapita wapi, na mabomba ya breki yako wapi. Wako waliotoboa sakafu kwa haraka wakatoboa na vya chini. Tundu likishapatikana, hita huketi juu ya bamba la chuma lenye gasketi isiyopitisha hewa. Bomba la moshi na bomba la kuvuta hewa ya kuchomea sharti yote mawili yashuke nje, na kusiwe na kiungo chake hata kimoja ndani ya gari.

Bomba la moshi hupata moto mkali, kwa hiyo liwe mbali na plastiki na mafuta. Liinamishwe kidogo ili maji yasituame ndani yake. Mdomo wake usiishie katikati chini ya sakafu, wala chini ya dirisha linalofunguliwa, wala karibu na bomba la kuvuta hewa. Utoke hadi ukingoni mwa gari, moshi upeperushwe na upepo.

Dizeli huvutwa kwa kijibomba kinachoingizwa tangini kupitia juu. Fundi mwenye busara hakifikishi hadi chini kabisa. Hita itazimika ikiwa bado kuna mafuta ya kuifikisha familia mjini, na afadhali kutetemeka njiani kuliko kukwama. Pampu nayo hufungwa kwa mshazari, upande wa kutolea ukielekea juu, ili mapovu ya hewa yapite yasikwame. Ni pampu hiyo utakayoisikia usiku: tik, tik, tik.

Mwisho ni umeme. Wakati wa kuwaka, kijiti cha kuwashia huhitaji umeme mwingi, kama ampea 10 kwa dakika chache, halafu matumizi hushuka sana. Betri ya pili, mbali na ile ya injini, ni jambo la lazima, pamoja na fyuzi yake. Na ukizima hita, usikate umeme papo hapo. Iache feni izunguke dakika kadhaa hadi chungu kipoe, la sivyo utaiunguza.

Baada ya yote hayo, funga king'ora cha kaboni monoksaidi. Kilichoundwa kwa ajili ya magari ya kulala huko Uingereza huwa na alama ya EN 50291-2. Hita nzuri bila king'ora ni sawa na mlinzi asiye na firimbi.

BARABARANI

Sasa washa gari, twende. Upande wa magharibi utapanda Bealach na Bà, jina la Kigeli lenye maana ya njia ya ng'ombe. Barabara hupinda na kupinda hadi mita 626 juu ya bahari. Bango lililo chini huwaonya wanaojifunza kuendesha na wenye magari makubwa mno, na theluji ikizidi hupitiki. Ng'ombe wa Highlands utawaona wamesimama mvuani na nywele zao ndefu zikiwa zimefunika macho, kana kwamba hawajapata habari za baridi.

Ullapool ni mji wa wavuvi wenye nyumba nyeupe kando ya maji, na hapo ndipo feri ya kwenda Lewis hutia nanga. Jaza tangi hapo, maana mbele vituo vya mafuta ni haba. Ukifika Durness, kwenye kona ya kaskazini-magharibi, tembelea pango la Smoo lenye maporomoko ya maji ndani yake, kisha utafute mahali pa kulala kabla giza halijaingia.

Lakini usiegeshe popote. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa mtu haki ya kutembea na kupiga hema katika sehemu nyingi za wazi, ila haki hiyo haihusu magari. Omba ruhusa. Usilale kwenye vituo vya kupishana magari katika barabara nyembamba, kwa sababu wenyeji, daktari na gari la kubeba wagonjwa hupitia hapo hapo. Kabla ya kulala, zunguka gari ukiwa na tochi. Kama theluji imekusanyika, ondoa iliyo karibu na bomba la moshi, na kama umeegesha karibu na gari jingine, hakikisha moshi wako hauelekei kwenye dirisha la jirani.

JE, HUKU KWETU?

Huenda wewe huna vani wala nauli ya London, ila una Hiace kuukuu na ndoto ya kuipeleka Nyahururu. Jua jambo moja. Hita hizi hupimwa kwa hewa ya nchi za chini, na nyingi huanza kusumbua zaidi ya mita 1,500. Nyahururu iko juu ya mita 2,300, ambako hewa imepungua kwa karibu robo. Dizeli huwa nyingi kuliko hewa, moto huwa mchafu, na masizi huziba chungu. Kabla ya kununua, uliza kama hita ina namna ya kupunguza mafuta sehemu za juu.

Na usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, tazama jiko la makaa liko wapi. Kama bado lina kaa jekundu, litoe nje hata kama mvua inanyesha. Watoto waongezewe blanketi.