Kutoka Upo Hadi Msukani

Katika siku za utoto wangu Lamu, sikupata kumsikia mtu aliyeita kupanda mashua mchezo. Tanga lilikuwa njia ya riziki, na chombo cha marehemu baba kilichukua boriti za mikoko, chokaa, na wakati mwingine mchanga wa wajenzi. Nami nilipotimiza miaka minane nilikabidhiwa kazi moja tu, nayo ni kukaa ngamani na kufua maji kwa upo, tangu tunang'oa nanga mpaka tunatia, pasipo ruhusa ya kugusa kamba yoyote. Dada yangu, aliyenishinda kwa akili ya bahari, hata upo hakupewa. Yeye alikuwa abiria.

Ila katika Mfungo Sita, zilipofika siku za Maulidi, shehena ilishushwa, farumi ikawa mifuko ya mchanga ya kuhamishwa huku na huku, ubao ukatokezwa ubavuni ili mabaharia waukalie upande wa goshini na kuzuia chombo kisilale, na mashua zile zile za kazi zikashindana katika mkondo ulio baina ya Lamu na Manda. Siku hizo baba, ambaye baharini maneno yake yalikuwa amri tupu, alicheka. Kwa muda mrefu nilidhani furaha ile ilitokana na ushindi, kumbe mara nyingi tulishindwa.

Kisha zikaenea mashini za kutundikwa tezini, na kwa kuwa mashini haingoji upepo, wenye kazi waliyakunja matanga yao, na siwalaumu. Nilihuzunika, hata hivyo, nilipowaona vijana waliojua bei ya petroli na wasiojua kutofautisha bamvua na maji mafu. Niliona elimu ya wazee wetu inazama hali tunaitazama. Sikutambua kwamba tanga lililotuliwa mzigo lilikuwa limeachwa huru kwa ajili ya watoto.

Leo mashua yetu hutoka alasiri za likizo, nami huwamo pamoja na mwanangu, mkaza mwanangu, na mjukuu wangu wa kike mwenye miaka kumi, ambaye sharti la kwanza tulilompa lilikuwa ajue kuogelea, na la pili avae jaketi la kuokolea hata bahari ikiwa shwari. Yeye ndiye mshika demani. Akiilegeza mno, tanga hupepea na mwendo hufa. Akiivuta mno, chombo hulala na maji huchungulia ukingoni. Na jawabu humjia papo hapo, kutoka kwa upepo wenyewe, pasipo karipio la mtu. Mtoto huyu, ambaye nyumbani hukata tamaa kwa hesabu moja ngumu, baharini hukosea mara kumi na kujaribu ya kumi na moja kwa utulivu unaonistaajabisha.

Nimesoma kwamba mwaka 1947, huko Clearwater, Florida, nchini Marekani, Clark Mills alibuni kimashua cha watoto kiitwacho Optimist, chenye urefu wa mita 2.3 hivi, ambacho mtoto hukiendesha peke yake. Naiheshimu fikra ile, kwani humfundisha mtoto kujitegemea mapema. Lakini mimi nakipenda zaidi chombo kisichokwenda ila kwa mikono ya watu kadhaa.

Baina yangu na mkaza mwanangu palikuwa na haya ya desturi, tukisalimiana na kunyamaza. Lakini tanga linapopinduliwa, na foromali ikalazimika kupitishwa upande wa pili wa mlingoti kwa haraka, hapana nafasi ya haya: lazima tuitane, tena kwa sauti. Tulianza kwa kutajiana majina ya kamba, na sasa huzungumza barazani mpaka adhana ya isha.

Kaskazi iliyopita, tukirudi kutoka Manda, mjukuu wangu alinigeukia akasema, "Babu, nipe msukani." Nilimtazama baba yake, naye hakunijibu, akatazama tanga tu. Nikampisha. Akakaa tezini, akaielekeza omo kwenye mnara wa msikiti wa Shela, mama yake akaipokea demani. Na kwa kuwa maji yalikwisha kutuama chini ya mbao, nikashuka ngamani, nikautafuta upo.