Waliokuja Kutujulia Hali

Sisi tuliotoka Unguja na Mombasa miaka ya 1960 na 1970 kuja kufanya kazi Uingereza, leo ndio wazee wa maghorofa ya halmashauri. Wengi tumefiwa na wenza, na watoto wamehamia miji mingine. Tukikutana msibani, lalamiko ni lile lile: watu wa halmashauri wamegonga mlango, wameuliza nani anakupikia, dawa unazikumbuka, bafuni unaingiaje. Mwenzetu mmoja aliambiwa kuna mtu ametoa taarifa kwamba hajiwezi. Nani? Hawakusema. Alilia siku nyingi, kwa fedheha.

Machungu hayo nayajua na sitaki mtu ayapuuze. Lakini kuja kwao si kosa. Sheria ya Matunzo ya 2014 inailazimu halmashauri ya England kufuatilia inapohisi mtu mzima asiyeweza kujilinda anaonewa au ametelekezwa. Na London yetu hii, Januari 2006, mwanamke aitwaye Joyce Vincent alikutwa nyumbani kwake Wood Green akiwa amekufa kwa zaidi ya miaka miwili bila mtu kujua, televisheni bado inawaka. Waliofungua mlango walifuata deni la kodi ya nyumba.

Kosa ni kuingia kwa mzee kama anayekagua stoo. Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya 2005 inamhesabu kila mtu mzima kuwa na uwezo wa kujiamulia mpaka ithibitishwe vingine, hata kama uamuzi wake wengine wanauona si wa busara. Basi tuulize: wewe nani, kitambulisho kiko wapi, taarifa inasemaje? Tukivunjiwa heshima, tuandike kwa halmashauri yenyewe. Isipotujibu vyema, yupo mchunguzi huru wa malalamiko dhidi ya serikali za mitaa, naye hatozi hata senti. Malalamiko yasicheleweshwe kumfikia zaidi ya miezi 12 tangu tulipolijua kosa.

Ila kizazi chetu kimelelewa kuona kushtaki ni kukosa haya, tena ugenini. Ofisini tunanyamaza, msibani tunasema, na mlango ukigongwa tena hatufungui. Hapo ndipo ninapoogopa.

Nanyi wanetu, taarifa nyingine najua mnazipeleka ninyi, kwa mapenzi. Tupigieni sisi kwanza. Mkiona lazima waje, tuambieni siku, na mmoja wenu awepo wakifika, akae kando yetu na kalamu, aandike kila wanachosema.