Usicheze na isale, kijana!

Vijana wa mjini mnanichekesha kweli. Ukitaja isale, mtu anakujibu, "Aa, yale majani ya mapambo? Si yapo kibao kwenye bustani za mahoteli!" Haya bwana, pambeni. Mimi nimekulia Kahe, huku chini tambarare, ambako reli ya Tanga inakutana na ile ya Voi iliyojengwa wakati wa vita. Lakini mama yangu ni Mchaga wa Marangu, na kwao isale hupandwa mpakani mwa kihamba. Watu wakikosana, jani hilo ndilo linalotumwa kuomba msamaha. Kulikataa ni mkosi, hakuna anayethubutu.

Sasa wajomba zangu wawili walinuniana miaka minne kisa hatua mbili za migomba. Hatua mbili, msomaji wangu! Krismasi, wakati Wachaga wote wanarudi nyumbani, kila mmoja na mbege yake, kila mmoja na mbuzi wake. Bibi akawa anawatazama tu.

Bibi ndiye aliyenisimulia habari za Kibo na Mawenzi. Mawenzi alikuwa mvivu, kila mara moto wake unazimika, anakwenda kuomba kwa Kibo. Akifika anapewa na ndizi kavu. Kwa utamu wa ndizi akawa anauzima moto makusudi ili arudi. Kibo akachoka, akashika mchi, akamtwanga. Ndiyo maana Kibo yuko mviringo, mita 5,895, na Mawenzi kabaki na meno meno, mita 5,149. Hao nadhani walikosa mpwa wa kuwatuma.

Maana Desemba iliyopita Bibi alilala hoi, hali chakula. Mjomba mdogo akatoka kimya kimya, akakata isale, akanikabidhi. "Mpelekee kaka yangu. Usiseme kitu."

Kuvuka hatua mbili zile miguu ilinitetemeka kama naenda posa. Mjomba mkubwa ana mdomo, usipime. Nikamkuta anachonga mpini wa jembe. "Shikamoo mjomba." Hakuitikia. Akalitazama lile jani weee, mpaka mkono wangu ukaanza kuuma. Kisha akaweka panga chini, akalipokea kwa mikono miwili.

"Marahaba," akasema. "Mama amekula?"