Bustani ya Entebbe: Saa nne kabla ya meli kung'oa nanga

Ikiwa wewe ni mkazi wa Muhoroni, Chemelil, Miwani au hata Kisumu mjini, bila shaka Ziwa Victoria unalijua. Unalijua kwa samaki wake, kwa upepo wake wa jioni na kwa gugumaji linaloziba gati mara kwa mara. Lakini je, umewahi kujiuliza ng'ambo kuna nini? Leo nakualika tuvuke pamoja hadi Entebbe, nchini Uganda, tuitembelee bustani ya mimea ambayo imekaa kando ya maji haya haya yetu kwa zaidi ya karne moja.

Kwanza nikusahihishe jambo. Wengi hudhani Entebbe ni kisiwa. La, ni rasi, yaani nchi kavu iliyozungukwa na maji pande tatu. Visiwa vyenyewe, vile vya Ssese vipatavyo 84, viko mbele zaidi, na meli ya kuviendea huondokea upande wa pili wa mji, katika gati la Nakiwogo. Msafiri wa kwenda visiwani basi huwa na asubuhi nzima ya kungoja. Wengi huipotezea hotelini wakinywa chai. Mimi nakushauri uipeleke bustanini.

Agosti iliyopita nilifunga safari hiyo pamoja na mama yangu mzazi. Mama ni mkulima wa miwa huko Muhoroni. Shamba aliachiwa na marehemu baba, nalo lote ni miwa isipokuwa kipande kidogo kando ya kijito ambapo imesimama miti michache ya kale. Kakangu alitaka miti hiyo ikatwe, mbao ziuzwe na miwa iteremshwe hadi majini. Mnunuzi wa mbao alikuwa amekwisha kuja na kuupima kwa kamba ule mkubwa kuliko yote. Mama hakusema ndiyo wala la. Alisema tu kwamba amechoka, na angependa kwenda mahali.

Zamani ilikuwa reli na meli

Hapo kale safari hii haikuhitaji basi. Reli kutoka Mombasa ilipita Muhoroni na kufika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Abiria wa Uganda alishuka katika garimoshi akapanda meli. Hivyo ndivyo alivyovuka Winston Churchill mwaka 1907, miaka mingi kabla hajawa Waziri Mkuu wa Uingereza. Alipanda meli iliyoitwa Clement Hill kutoka Kisumu hadi Entebbe, ambako wakati huo ndiko kulikokuwa makao ya serikali ya kikoloni. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, haja ya kuvuka maji ikapungua.

Sisi tulipanda matatu hadi Kisumu, na kutoka huko basi la usiku kupitia Busia. Mkenya hahitaji pasipoti. Tangu mwaka 2014 kitambulisho cha taifa kinakubaliwa kati ya Kenya, Uganda na Rwanda. Alfajiri tulikuwa Kampala, na baada ya kilomita 40 hivi ndani ya teksi, kama Waganda wanavyoziita matatu zao, tukafika Entebbe. Saa yangu ilionyesha saa tatu. Meli ilikuwa iondoke saa nane mchana. Ukitoa muda wa kwenda gatini, tulibakiwa na saa nne.

Ndani ya bustani

Jina la mji huu limetokana na neno la Kiganda lenye maana ya kiti. Inasimuliwa kwamba hapo ndipo chifu mmoja aliyeitwa Mugula alipokaa kuamua kesi za watu wake. Nasi tulikaa, maana mara tu ukipita lango na kulipa kiingilio, nyasi zinateremka taratibu hadi ziwani na miti mikubwa imesimama mbalimbali kama wazee barazani.

Waongozaji wako, nao wana maarifa mengi. Lakini tuliamua kutembea wenyewe, kwa mwendo wa mama. Faida yake niliiona upesi. Kundi la watalii lilitupita haraka likipiga picha, likaishia zake. Sisi tulisimama chini ya mti mmoja hadi mbega wakatuzoea. Walikuwa sita, weusi kwa weupe, mikia ikining'inia kama mishipi. Mbali kidogo hondohondo walikuwa wakipiga kelele, na kulukulu mkubwa wa buluu akaruka kutoka tawi hadi tawi.

Ukiingia kwenye kipande cha msitu mnene utaambiwa kuwa hapo ndipo zilipopigwa filamu za Tarzan za Johnny Weissmuller. Sikiliza, cheka, lakini usiape kwa hilo. Filamu zile sehemu kubwa zilitengenezwa California, Marekani. Msitu wenyewe hauhitaji Tarzan ili upendeze. Ni mabaki ya msitu uliowahi kuvika sehemu kubwa ya mwambao huu wa kaskazini. Ndani mna giza mchana, mizizi imepanda juu ya ardhi kama kuta, na buibui wamefuma nyavu pana kati ya matawi.

Bustani ilianzishwa mwaka 1898, na msimamizi wake wa kwanza alikuwa Alexander Whyte. Usidhani ilipandwa kwa ajili ya mapumziko ya Jumapili. Ilikuwa shamba la majaribio. Wakoloni walitaka kujua ni mmea gani wa kigeni ungeota na kuleta fedha. Mpira uliletwa, kakao ikaletwa, na vikolezo vya aina aina. Hadi leo waweza kuuona mkakao ukiwa na matunda yake yaliyoota moja kwa moja kwenye shina, jambo lililomfanya mama ashike mdomo kwa mshangao.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza kuhusu kwetu. Muwa nao ni mgeni. Asili yake ni New Guinea, mbali sana upande wa Pasifiki. Kiwanda cha kwanza cha sukari nchini Kenya kilianza Miwani mwaka 1922, kile cha Muhoroni kikafuata katika miaka ya 1960, na leo mtoto wa kwetu akiambiwa achore shamba, huchora miwa. Umetusomesha, hilo silikani. Karo yangu ya chuo ilitoka humo.

Lakini si kila mgeni ana fadhila. Gugumaji lilitoka Amerika ya Kusini, likasambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake la zambarau. Lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limefunga ghuba na kuzuia mitumbwi na meli Kisumu. Ilibidi waletwe fukusi wenye asili ya huko huko lilikotoka gugu, ili walile. Ua la bustani lilifunga bandari!

Tunda la mama

Karibu saa sita mama aliketi chini ya mti mnyoofu, mrefu sana, ambao tawi la kwanza liko juu kuliko paa la kanisa letu. Hakukuwa na kibao cha jina. Chini alikuta tunda laini la kijani, mfano wa kiwavi mnene. Akalifunga katika leso yake.

Mzee aliyekuwa akifagia majani alimwona, akaja polepole na reki yake.

"Nnyabo," alimwambia kwa Kiswahili cha kuungaunga, "hiyo acha hapa. Mbegu haivuki mpaka bila barua."

Mama aliona haya. Akalifungua leso na kulirudisha tunda. "Samahani, baba. Nilitaka kuupanda nyumbani, ni mti mzuri sana. Unaitwaje?"

"Muvule."

Mama alinigeukia. "Mvule? Nyathina, si ndio olua?"

Ndiyo, ulikuwa mvule, ambao Waluo huuita olua. Na mti ule uliopimwa kwa kamba kando ya kijito chetu ni olua vilevile. Mama aliutazama tena kuanzia chini hadi juu, kama mtu aliyekutana ugenini na jirani yake. Alimwuliza mzee mti kama huo huchukua muda gani kukua. Mzee hakutaja miaka. Alisema kwamba yeye aliukuta, baba yake aliukuta, na anayeukata hatauona mwingine kama huo.

Mama hakujibu. Wala hakuinuka. Nilimkumbusha meli mara mbili, na mara ya tatu nikaita bodaboda mbili langoni. Tulifika Nakiwogo watu wakiwa wameanza kupanda. Tuliketi juu, penye upepo. Saa tatu na zaidi za maji zilipita mama akiwa kimya.

Kisiwa cha Bugala, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote vya Ssese, bado kina msitu unaogusa maji. Kesho yake, hata hivyo, tulipotembea barabarani kutoka Kalangala, tuliona michikichi imepandwa safu kwa safu mbali hadi jicho linapochoka. Mashamba hayo ya mafuta yalianza katika miaka ya 2000. Yameleta ajira na mapato kwa wakulima wengi, lakini sehemu ya msitu imekwenda nayo. Mama alisimama akayatazama.

"Haya ni miwa," alisema. "Miwa mirefu tu."

Tuliporudi Muhoroni, kakangu alikuwa na mnunuzi uani. Mama aliwapa chai kwanza. Kisha akasema kuwa miwa itaishia pale ilipo, na kwamba olua hauuzwi maadamu yeye yu hai. Kakangu alikasirika, na hasira yake naielewa. Ana watoto watatu shuleni, na fedha ile ingewafaa. Bado hawajapatana kabisa. Lakini mti umesimama.

Ukitaka kwenda

Msomaji, safari hii yaweza kufanywa na mtu wa kipato cha kawaida. Beba kitambulisho na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Badilisha fedha mapema. Langoni uliza kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki. Vaa viatu vilivyofunika vidole, kwani msituni kuna siafu. Usioge ziwani, maana kichocho kipo. Chakula chako kifiche, tumbili hawana haya. Na saa ya kuondoka kwa meli iulizie siku moja kabla, kwa kuwa ratiba hubadilika na chombo kikipelekwa matengenezo huna budi kutafuta njia nyingine.

Zaidi ya yote, usiende na haraka. Chagua mti mmoja, uketi chini yake, umwulize mfagiaji jina lake. Huenda ukagundua kwamba unao nyumbani.