Mamtoni kuna skonga inashangilia kwa Kiswahili!

Wengi wetu haiskuli ya Marekani tunaijua kwa sinema tu. Makabati ya chuma koridoni, mabishoo wenye magari ya madingi wao, mademu wanaorukaruka pembeni ya uwanja. Hata mimi nilikwenda na picha hiyo hiyo kichwani. Sasa ngoja nikupe ya Lewiston, msomaji wangu, maana hii kwenye video huioni.

Lewiston ni mji mdogo wa jimbo la Maine, kule kaskazini mashariki kabisa, zaidi ya kilomita 200 kutoka Boston. Baridi yake ile mbaya. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 37,000 hivi, yaani kata moja tu ya Dar inaweza kuwazidi. Wapenzi wa masumbwi wanaukumbuka: hapo ndipo Muhammad Ali alipomlaza Sonny Liston raundi ya kwanza, Mei 25, 1965. Baada ya hapo mambo yakadorora. Viwanda vya nguo vya kando ya mto Androscoggin vilikufa kimoja kimoja, na kile cha Bates, kigogo wao, kikafungwa 2001.

Mwaka huo huo 2001 Wasomali wakaanza kuingia. Wengi walikuwa wamepitia kambi za Dadaab kule Kenya, wakapelekwa miji mikubwa ya Marekani, kisha wakahamia wenyewe Lewiston kufuata nyumba za bei poa na shule tulivu kwa watoto wao. Wakafuata Wasomali Wabantu, watu ambao mababu zao waliuzwa utumwani karne ya 19 kutoka pande zetu hizi. Wamo wenye asili ya Wazigua, Wayao na Wamakua. Miaka ya karibuni wakaja Wakongo na Waangola. Ndiyo maana binamu yangu anayeishi huko aliponitembeza mtaa wa Lisbon, nilisikia Kiswahili mara tatu kabla sijafika kwenye duka la pili.

Usidhani walipokewa na maua. Oktoba 2002 meya wa wakati huo, Laurier Raymond, aliwaandikia Wasomali barua ya wazi akiwaomba wawaambie ndugu zao wapunguze kasi ya kuja, mji umeelemewa. Januari 2003 kundi la wabaguzi wa rangi likaitisha mkutano. Wao walijitokeza wachache, hata basi moja wasingelijaza vizuri. Siku hiyo hiyo, katika chuo cha Bates, watu wapatao 4,000 walikusanyika upande wa wageni. Cha ajabu, wenyeji wengi wa Lewiston ni wajukuu wa Wakanada wanaosema Kifaransa, ambao nao walidharauliwa walipokuja kufanya kazi viwandani. Sheria ya Maine ya mwaka 1919 ilitaka hata shule zifundishe kwa Kiingereza tu.

Sasa tuingie skonga yenyewe. Lewiston High School ni shule ya umma. Unaishi mjini? Mtoto wako anaingia, basi. Hakuna ada, hakuna mtihani wa kuchaguliwa, hakuna yunifomu. Tangu 2022 chakula ni bure kwa wanafunzi wote wa shule za umma za Maine. Na makaratasi? Mwaka 1982 mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliamua kwamba shule za umma haziruhusiwi kumnyima mtoto elimu eti kwa sababu hana karatasi za uhamiaji. Kwangu mimi niliyeishia Form Four, nikiwaacha nyuma washikaji waliokwamia la saba, jambo hilo lilinifanya nikae kimya kidogo.

Lakini mlango ukiwa wazi haina maana kwamba ndani ni mteremko. Kijana mmoja wa Kikongo aliniambia alifika akiwa na miaka 17. Kule hupangiwa darasa kwa umri zaidi kuliko kwa unachokijua, kwa hiyo aliwekwa na vijana waliosoma miaka kumi mfululizo, wakati yeye Kiingereza alikuwa hajui. Na shule ya bure ya Maine inakwisha ukifikisha miaka 20. Kijana anashindana na saa! Jioni anafanya kazi, usiku anasoma, asubuhi darasani.

Kilichowaunganisha vijana hawa ni kandanda. Kocha Mike McGraw alikuwa ameifundisha timu ya shule zaidi ya miaka 30 bila kombe la jimbo. Wakaja watoto waliojifunza mpira kwenye vumbi la kambini. Mwaka 2014 walifungwa fainali. Mwaka 2015 hawakushikika: mabao 113 ya kufunga, 7 tu ya kufungwa, na fainali wakaichapa Scarborough 1-0. Kelele yao ya kujipa moyo kabla ya mechi? "Pamoja ndugu!" Kiswahili hicho hicho chako, kinapigwa na Msomali, Mkongo na Mzungu. Wakarudia ubingwa 2017 na 2018.

Oktoba 25, 2023 mtu mwenye bunduki aliua watu 18 mjini hapo. Wiki moja baadaye, uwanja wa skonga hiyo ukafurika kwa mechi ya mpira wa Kimarekani dhidi ya Edward Little, watani wao wa ng'ambo ya mto, ile Simba na Yanga yao. Mji uliokuwa unalia ulikwenda kukaa pamoja shuleni.

Kombe halijafuta ubaguzi Lewiston, msije mkadanganyana. Ila watu hawakuanza kupendana ndipo watoto wakaandikishwa. Watoto waliandikishwa kwanza, kwa sheria, wakakaa dawati moja, na watu wazima wakafuata taratibu. Kwa hiyo wewe unayeota kuzamia kwa ajili ya magari na mademu wa kwenye video, jua kwamba kuna kijana wa rika lako huko anayehesabu miezi iliyobaki ili amalize shule. Umwombee afike.

Haya, tuonane wiki ijayo.