Wewe wa Mtaa Gani?



Unguja ya wazee wetu, mgeni aliulizwa kwanza: "Wewe wa mtaa gani?" Akijibu Malindi, Kiponda au Vuga, alikwisha kujieleza nusu. Mtaa ulikuwa na msikiti wake, baraza zake, na wazee waliokuwa na haki ya kumkanya hata mtoto asiyekuwa wao. Tulipofika Oman tukakuta suali jengine: "Kabila gani, na asili yenu wapi?" Jawabu tulikuwa nayo, kwani nisba zetu zilivuka bahari pamoja nasi, kwenda na kurudi. Kilichobaki nyuma ni mtaa.

Nayaandika haya kwa sababu binti wa ndugu yangu, ambaye wazee wake wako Ibra, amepata kazi ya uhasibu katika afisi moja ya Khuwair, hapa Maskati. Yeye na mwenzake wa chuo wanatafuta fleti. Akaniuliza: "Ami, tukapange wapi?"

Mwenye kutafuta nyumba Maskati yafaa kwanza alijue umbile la mji. Ni mji mwembamba, umebanwa baina ya milima na bahari, umenyooka kutoka Mutrah hata Seeb. Ruwi, iliyojaa maduka na mabenki leo, ndiko zilikotua ndege mpaka kilipofunguliwa kiwanja cha Seeb mwaka 1973. Nyumba nazo zikazidi kwenda magharibi: Khuwair, Ghubra, Mawaleh, Khoud, Mabela. Kwa kawaida, kadiri unavyokwenda mbali, kodi hupungua na nyumba huwa mpya zaidi.

Hapo ndipo vijana wanapopiga hisabu ya upande mmoja. Riali iliyookolewa katika kodi ya Mabela hulipwa tena katika petroli na katika saa za foleni, asubuhi na jioni. Mabasi ya Mwasalat yapo mjini tangu 2015, lakini kutoka kituoni mpaka mlangoni, katika jua la Juni, ni safari nyengine.

Pili, atazame njia ya maji. Nchi kavu humhadaa mtu. Kimbunga Gonu kilipopiga Juni 2007, mabonde yaliyokuwa makavu yalishuka na maji ya milimani, na sehemu za Qurum na Ghubra zikafurika. Basi aulize wadi unapita wapi kabla ya kusifu marumaru.

Tatu, mkataba. Sheria ya 1989 inayowahusu mwenye nyumba na mpangaji inataka mkataba usajiliwe manispaa. Maneno matamu ya dalali hayana muhuri.

La nne ndilo zito. Binti yetu alinambia wazi kuwa anataka kukaa mbali na macho ya mashangazi. Sikumlaumu, kijana anahitaji mlango wa kuufunga. Lakini Kiswahili chake alikipata kwa bibi yake, kwa kusikia, si kwa kitabu, na afisini ni Kiarabu na Kiingereza. Nani atamsemesha, asipokuwa na nyumba moja ya kuiendea kwa miguu baada ya Maghrib, akanywa kahawa, akaulizwa habari za wazee? Lugha haifi siku moja. Hufifia pale ambapo kila ziara inataka miadi na gari. Waarabu husema: jirani kabla ya nyumba. Wazee wetu waliuishi msemo huo bila ya kuutaja.

Sasa ana fleti mbili mbele yake. Moja ni ya zamani, ndogo, iko Khuwair, karibu na kazini na karibu na nyumba mbili za watu wetu, ambazo hata moja si ya shangazi. Ya pili ni mpya, kubwa, iko Mabela, na kodi yake ni nafuu. Lazima ajibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Sikumchagulia. Nimemwambia aende kote kuwili siku ya kazi, baada ya Isha, azime gari, ateremke, asikilize. Kisha ajiulize kama upo mlango anaoweza kuupigia hodi bila ya kupiga simu kwanza.