Buyenzi, Mtaa wa Rimu za Chuma

Mgeni atokaye Kigoma kwa gari huvuka mpaka baada ya Manyovu, hushuka hadi Nyanza-Lac, kisha hufuata ukingo wa Ziwa Tanganyika kupitia Rumonge mpaka Bujumbura. Mji huu uliitwa Usumbura hadi uhuru wa mwaka 1962, na ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Makao makuu ya kisiasa ya Burundi sasa ni Gitega, lakini biashara imebaki huku ziwani. Na mwenye pikapu kuukuu anayetafuta kipuri huelekezwa mahali pamoja tu: Buyenzi.

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili tangu zamani za Wabelgiji. Njia zake nyingi hujulikana kwa namba, na Kiswahili ndiyo lugha ya baraza, ya msikiti na ya gereji. Tangu asubuhi nyundo hulia. Nje ya maduka rimu za chuma, ambazo mafundi wengi wa huku huziita janti kwa kufuata Kifaransa, zimepangwa moja juu ya nyingine mfano wa sahani jikoni. Nyingi zimetoka katika magari ya Kijapani yaliyopitia bandari ya Dar es Salaam, yenye usukani wa kulia katika nchi ambayo magari hupita kulia.

Wapo watakaouliza: kwa nini rimu za chuma, wakati zile za alumini zinang'aa na ni nyepesi? Jibu liko barabarani. Chuma kikigonga shimo hupinda, na mara nyingi fundi huweza kukinyoosha. Alumini ikigonga shimo hilohilo huweza kupasuka. Kwa askari mstaafu aliyenunua pikapu ya zamani ili ibebe mkaa, matofali na mihogo, na Jumapili ibebe jamaa yake, chuma ndicho kinachofaa. Lakini si kila chuma.

Hapo ndipo mnunuzi apaswapo kuwa na rula mkononi. Muuzaji atasema, "Karibu baba, hii ni ya Hilux kabisa." Huenda ni kweli, lakini yafaa kupima. Hilux inayovuta kwa magurudumu yote manne, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1979, ina bolti sita katika duara lenye upana wa milimita 139.7. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalolikabili, nawe utajua. Land Cruiser za zamani, gari lijulikanalo mno na askari, zina mpangilio huohuo. Lakini pikapu za Land Cruiser zilizotoka tangu mwaka 1999 zina bolti tano. Rimu zake, hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa, si za gari la zamani.

Bolti zikilingana, kazi haijaisha. Mitsubishi L200 nayo ina bolti sita katika duara la milimita 139.7, bali tundu la katikati la rimu yake ni milimita 67 tu, na kitovu cha Toyota kinahitaji zaidi ya 100. Atatokea mtu wa kujitolea kulipanua tundu hilo kwa moto wa gesi. Mkatalie kwa upole na uende duka la pili, kwa maana chuma kilichokatwa kwa moto hupoteza nguvu pale ambapo nguvu inatakiwa.

Tatu, angalia kina cha rimu. Ikitokeza nje mno, uzito huzielemea beringi. Ikiingia ndani mno, tairi hukwaruza springi au mikono ya usukani. Ifunge, kisha pinda usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, kabla ya kutoa fedha. Nne, nati. Rimu ya chuma hukazwa kwa nati yenye mdomo wa pia. Zile nati za rimu za alumini zenye mdomo bapa hazikai sawasawa juu yake, nazo hulegea.

Ihofu rangi mpya. Rangi nzito huficha ufa, na ikijaa katika vikalio vya nati hupondeka njiani, nati zikabaki hazina kukaza. Omba brashi ya waya, usugue kuzunguka matundu ya bolti. Tundu lililokuwa duara likawa yai, ufa mwembamba, au michirizi ya kutu itokayo chini ya nati ni dalili za rimu iliyokwisha maisha yake. Rimu ya jinsi hiyo haichomelewi, hutupwa.

Juu ya kuchomelea kuna onyo moja zito. Rimu yenye tairi isiguswe na moto kamwe, hata kama upepo umetolewa. Joto huweza kuzaa gesi ndani ya mpira, na mlipuko wake umeua mafundi katika nchi nyingi. Vivyo hivyo rimu za vipande, zenye pete ya chuma, zilizofungwa katika Land Cruiser nyingi za kazi: ondoa kiini cha vali na utoe upepo wote kabla ya kuigusa pete, na wakati wa kujaza asisimame mtu mbele yake.

Mwisho, kaza nati kwa kuvukiana, si kwa kuzunguka, na uzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Usipande kwanza kuelekea Bugarama. Barabara hiyo hutoka ziwani na kupanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari kwa mwendo wa kilomita 35 hivi, na kurudi kwake ni mteremko wa kona juu ya kona, malori mbele na waendesha baiskeli pembeni. Huko ndiko rimu ya rahisi hudai malipo yake.

Kwa hiyo nunua tano za aina moja, ya tano ikiwa ya akiba. Akiba isiyoingia kwenye kitovu ni mzigo tu. Na mama wa nyumbani asidhani kwamba habari hii ni ya wanaume na gereji zao. Watoto wake ndio wakaao nyuma ya pikapu hiyo. Ni haki yake, kabla hawajapanda, kuuliza nati zimekazwa lini, na aliyeulizwa ajibu akiwa na spana mkononi.